Nina miaka 41 na ninaishi Mbalizi: nijifunze udereva au nibaki na daladala?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi, nina miaka 41, ninaishi Mbalizi na ninafanya kazi katika hospitali iliyoko Mbeya mjini. Kila siku napanda daladala. Nikiwa zamu ya jioni natoka saa mbili usiku, nashuka stendi ya Mbalizi kabla ya saa tatu, kisha nachukua bodaboda hadi nyumbani, kama kilomita mbili za barabara ya vumbi isiyo na taa. Nauli zote kwa mwezi hufika shilingi 120,000 hivi. Mama yangu yuko Tukuyu, ana shinikizo la damu, na mara nyingine inanilazimu kumfuata ghafla. Mwenzangu kazini ananishauri nikope SACCOS, chama chetu cha akiba na mikopo, shilingi milioni 10, niongeze akiba yangu ya milioni tatu, ninunue Toyota IST, halafu niwe napakia wenzangu kwa nauli ili deni lijilipe. Makato yatakuwa shilingi 280,000 kwa mwezi kwa miaka minne. Mume wangu anasema umri wa kujifunza udereva umenipita na kwamba mlima wa Iwambi, ulio njiani kati ya Mbalizi na mjini, si wa kuchezea. Kusema kweli hata mimi nauogopa. Niliwahi kushuhudia lori lililokatika breki pale, na tangu siku hiyo daladala ikianza kushuka nafumba macho. Shemeji yangu wa hapa Mbalizi ana Noah ambayo Jumapili haitoki. Je, nijifunze na kununua gari, au nikubali tu kuishi bila gari?"*

Marahaba, dada yangu. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyaamua kwa mkupuo mmoja ilhali kila moja lina hesabu yake: kujua kuendesha gari, na kumiliki gari. Nitakupa msimamo wangu mapema ili usome yanayofuata ukijua ninakoelekea. Jifunze udereva. Mkopo usiuchukue kwa sasa. Na ile kero ya usiku, ambayo nadhani ndiyo iliyokusukuma kuandika, itatue kwa njia nyingine, kwa sababu gari halitaitatua kama unavyotarajia.

Nianze na umri, kwa kuwa ndilo jambo jepesi kuliko yote. Sheria inaweka umri wa chini wa kuendesha gari dogo kuwa miaka 18, na miaka 41 hairuki mpaka wowote. Ni kweli kwamba mtu mzima huchukua muda mrefu zaidi kuliko kijana kabla mikono na miguu haijazoea, lakini mtu mzima huyo huyo hana haraka ya kujionyesha, huheshimu mwendo, na huuliza asipoelewa. Kinachowachelewesha wanafunzi wa umri wako ni aibu ya kuzimikiwa na gari barabarani huku watu wakipiga honi. Aibu hiyo huisha, ila haiishi kwa kukaa nyumbani.

Ni vyema uelewe kinachotokea kichwani mwa anayejifunza, ili usikate tamaa wiki ya pili. Mwanzoni kila tendo linadai akili yako yote: mguu wa kushoto kwenye klachi (pedali inayotenganisha injini na gia), wa kulia kati ya breki na mafuta, mkono mmoja kwenye gia, macho mbele. Hakuna nafasi inayobaki kwa ajili ya mtoto anayetaka kuvuka. Ndiyo maana dereva mgeni hutazama karibu sana, mita chache tu mbele ya boneti, na husahau vioo. Baada ya marudio mengi matendo ya mikono na miguu hujiendea yenyewe, na akili huachiwa kazi yake halisi, yaani kusoma barabara. Zoezi moja linalosaidia sana katika hatua hiyo ni kusimulia kwa sauti unachokiona unapoendesha: "bajaji inasimama kushoto, mama ana ndoo anataka kuvuka, daladala mbele imewasha indiketa." Utajisikia mjinga, na mwalimu wako huenda akacheka, lakini macho yatalazimika kwenda mbali.

Sasa tuje Iwambi, na hapa sitaharakisha. Mume wako hakukosea kuuheshimu mteremko ule. Amekosea kudhani kwamba ukibaki abiria unakuwa umeukwepa, kwa maana unaushuka kila unaporudi nyumbani, tena mara nyingi bila mkanda, katika gari ambalo mwendo wake huupangi wewe.

Breki haifuti mwendo, bali inaugeuza kuwa joto. Gari dogo lenye uzito wa tani moja likishuka mita 100 za wima kwa mwendo usioongezeka, nguvu inayopaswa kwenda mahali fulani inatosha kuchemsha takriban lita tatu za maji ya bomba. Lori lenye tani 56, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa katika barabara zetu, likishuka kimo hicho hicho hutoa joto la kuchemsha zaidi ya lita 150. Dereva akilishusha lori hilo kwa kukanyaga breki tu, joto lote huishia kwenye ngoma za breki. Ngoma zikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu vya breki, yaani vipande vinavyozisugua kwa ndani, msuguano hupungua, na dereva hukanyaga bila kupata kitu. Katika gari dogo tatizo huja kwa sura nyingine. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka, na unyevu huo ukichemka huwa mvuke. Mvuke unabonyea, hivyo pedali inazama hadi sakafuni. Kwa sababu hiyo mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi hata kama chombo chake kimejaa, jambo ambalo wengi hapa Mbeya hawalifanyi mpaka fundi awakaripie.

Dawa ya mteremko ni gia. Ukishuka ukiwa umeweka gia ya pili au ya tatu na kuondoa mguu kwenye mafuta, injini yenyewe hulizuia gari, na breki zinabaki za akiba. Gari la otomatiki nalo lina uwezo huo: karibu na D, ile ya mwendo wa kawaida wa mbele, utakuta namba 2, au herufi L, S au B kutegemea gari, na madereva wengi wanamiliki gari miaka mitano bila kuzigusa. Gia hiyo huwekwa kabla ya mteremko kuanza, wakati gari bado limetulia. Na utamsikia mtu akikwambia kwamba kushuka na nyutro, yaani bila gia yoyote, kunaokoa petroli. Si kweli kwa magari ya siku hizi yenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta: gari likiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye mafuta, mfumo hukata petroli kabisa, ilhali kwenye nyutro injini inaendelea kunywa ili isizime. Anayeshuka Iwambi na nyutro anapoteza breki ya injini na petroli kwa pamoja.

Lakini ningekudanganya kama ningesema kwamba ukijua gia basi umesalimika. Hatari kubwa zaidi pale ni lori lililo nyuma yako, nawe huna mamlaka juu ya breki zake. Unachoweza kufanya ni kuchagua mahali pa kuwa. Usianze kushuka ukiwa mbele ya lori lililopakia ikiwa unaweza kulisubiri lipite. Tazama kioo mara kwa mara. Ukikuta foleni chini, simama ukiwa umeacha nafasi ya kukunja usukani na kutoka pembeni, usigandamane na gari la mbele. Upanuzi wa barabara hii kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, urefu wa kilomita 29, unalenga kupunguza msongamano, na hilo ni jema, ila barabara pana haipoozi breki za mtu.

Kuna jambo ambalo hukulitaja nami nalihofia kuliko Iwambi. Wewe ni muuguzi, na bila shaka unapangiwa pia zamu za usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na watafiti wa Australia ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama ya mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na saa zikizidi, hali huwa mbaya zaidi. Ukiamka saa moja asubuhi, ukaingia zamu usiku na kutoka saa mbili asubuhi ya pili yake, umevuka kiwango hicho kwa mbali. Halafu ndipo ungeushuka mteremko ule, jua likiwa limechomoza na joto la gari likikubembeleza. Ukisinzia sekunde tatu kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari limekwenda mita 50 bila dereva. Kwa hiyo hata siku utakapokuwa na gari lako, asubuhi ya kutoka zamu ya usiku panda daladala, au lala kwanza. Katika hili sina namna ya kulegeza.

Tuje kwenye fedha. Kutoka Mbalizi hadi mjini tukadirie kilomita 13, kwenda na kurudi 26, kwa siku 22 za kazi ni kilomita 572. IST katika milima yetu na foleni za Mafiati na Mwanjelwa tuipe kilomita 12 kwa lita, ambayo ni ukarimu kidogo; hizo ni lita 48. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita unafika 144,000. Maana yake petroli peke yake imekwisha kuzidi nauli unayolipa sasa, kabla ya makato ya 280,000, kabla ya bima, tairi, oili, pedi za breki na zile ada ndogo ndogo za maegesho. Ukitenga 90,000 kwa mwezi kwa hayo yote hujatia chumvi. Jumla inakaribia 515,000 dhidi ya 120,000. Na makato ya miezi 48 yanafanya milioni 13.44, ukiongeza akiba yako ya milioni tatu, gari la milioni 13 litakuwa limekugharimu zaidi ya milioni 16, huku siku unapomaliza deni gari lenyewe likiwa limezeeka miaka minne zaidi.

Ile hesabu ya mwenzako kwamba deni litajilipa kwa kupakia watu inavutia, na ndiyo inayoweza kukuumiza. Leseni ya daraja B ni ya gari binafsi. Anayebeba abiria kwa malipo anahitaji daraja C, gari linahitaji leseni ya usafirishaji ya LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini), na bima inahitaji kuwa ya gari la abiria. Najua michomoko, yaani magari madogo yanayobeba abiria kwa nauli, imejaa kila kona ya nyanda hizi, na wengine hupita mbele ya askari bila kuulizwa. Lakini siku ya ajali kampuni ya bima itauliza swali moja tu, nalo ni kama abiria walilipa, na jibu likiwa ndiyo, majeruhi watakuangalia wewe. Kuchangiana petroli kwa hiari na mwenzako mmoja mnayekwenda njia moja ni jambo tofauti na kupanga watu wanne kwa nauli kila asubuhi; usikubali mtu akuchanganyie hayo mawili.

Basi, ukisoma barua yako upya utaona kwamba kilomita 13 za daladala hazikusumbui sana. Zinazokutisha ni zile mbili za mwisho, usiku, juu ya pikipiki. Na una haki ya kutishika, kwa sababu katika vyombo vyote unavyopanda bodaboda ndiyo inayomwacha abiria wazi kuliko vingine. Tafuta bajaji badala ya pikipiki, na tafuta dereva mmoja mnayefahamiana, aliyesajiliwa katika kijiwe chake, mwenye namba yako, anayejua ratiba yako ya zamu ya jioni na kukungoja pale stendi. Mpatie malipo ya mwezi hata kama yanazidi ya sasa kwa nusu. Bado utakuwa mbali sana na laki tano. Wauguzi wawili au watatu wanaokaa mtaa mmoja wakifanya hivyo pamoja, gharama inashuka. Ikibidi bodaboda, nunua kofia ngumu yako mwenyewe inayokutosha kichwa na uifunge kamba. Ile ya kijiweni inayozunguka kichwani haikulindi.

Suala la mama ndilo linalonifanya nisikwambie uachane na udereva. Mchana kuna costa za kutosha za Tukuyu kutoka stendi ya Nane Nane, lakini simu ya usiku haichagui saa, na siku hiyo mtu anayejua kuendesha katika familia ana thamani hata kama gari ni la kuazima. Hapo ndipo Noah ya shemeji inapoingia. Ujuzi wa udereva usiotumika hufifia. Ukipata leseni leo na usishike usukani kwa miaka miwili, utakuwa na kadi mfukoni lakini si dereva. Usianze masomo, basi, kabla hujakubaliana na shemeji kwamba baada ya mtihani atakuruhusu kuendesha Jumapili, yeye akiwa kiti cha pembeni, na kwamba bima yake inamkubali dereva mwingine mwenye leseni. Aisome bima yenyewe, asikisie. Jumapili za mwanzo mzunguke Mbalizi na barabara ya kwenda Songwe kunako uwanja wa ndege, baadaye mjini, na Tukuyu iwe ya mwisho, kwa sababu mvua na ukungu wa Rungwe vinahitaji dereva ambaye tayari hafikirii miguu yake. Na simu hiyo ikikukuta ukitoka zamu ya usiku, aendeshe mwingine.

Kuhusu shule, usiulize kwanza bei. Uliza ni saa ngapi wewe mwenyewe utashika usukani, kwa maana shule nyingine hupakia wanafunzi watano katika gari moja na kila mmoja huondoka na dakika kumi. Uliza kama gari lina breki upande wa mwalimu, na kama wanafundisha kupanda na kushuka mlima au wanazunguka uwanjani tu. Jifunze kwa gari la gia za mkono hata kama unatarajia otomatiki, kwa sababu ni juu ya mlima tu ndipo utakapojua kweli klachi ni nini. Umesimama, pua ya gari imeelekea juu, handbreki imevutwa. Unaachia klachi taratibu hadi mlio wa injini unashuka kidogo na boneti inainuka kama kidole kimoja, na hapo ndipo unapoachia handbreki, gari likaondoka bila kurudi nyuma hata hatua moja. Usiridhike mpaka unaweza kufanya hivyo mara kumi mfululizo. VETA, vyuo vya ufundi stadi, wanafundisha udereva, na zipo shule binafsi zilizosajiliwa. Utaanza na leseni ya kujifunzia, gari likiwa na alama ya L, kisha utahiniwe na polisi wa usalama barabarani, na ukifaulu leseni unaichukua TRA (mamlaka ya mapato), nayo hudumu miaka mitano. Akitokea mtu wa kukuahidi leseni bila kufundishwa wala mtihani, kumbuka tu ule mteremko unaokungoja.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. La kwanza ni macho: baada ya miaka 40 uwezo wa kuona vitu vya karibu hupungua na mwanga wa taa za magari yanayokuja huanza kusumbua, hivyo pimwa kabla ya kulipa ada ya shule. Ukiwa unatumia dawa zinazoleta usingizi, au unapatwa na kizunguzungu au kifafa, zungumza na daktari ana kwa ana kwanza. La pili ni lile la kufumba macho. Kuogopa mahali ulipoona watu wakiumia ni jambo la kawaida, na hofu ya namna hiyo hukua kadiri unavyoikwepa na hupungua unapoikabili kwa hatua ndogo: kwanza fumbua macho ukiwa kwenye daladala mchana, utaje kwa sauti ya chini unachokiona, kisha baadaye ushuke ukiwa na mwalimu kwenye gari la shule saa ambayo malori ni machache. Lakini kama tukio lile linakurudia usingizini, kama moyo unaenda mbio na mikono inatetemeka kila unapolikumbuka, hiyo si kazi ya mwalimu wa udereva. Katika hospitali unayofanyia kazi au ya jirani wapo wataalamu wa afya ya akili. Waone kabla hujashika usukani, nawe unajua vyema kuliko mimi kwamba hakuna aibu ndani yake.

Baada ya miezi sita ya Jumapili hizo, kaa tena na mume wako mrudie hesabu. Chukueni bei ya petroli ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, itakuwa imeitangaza kwa mwezi huo, nauli mliyolipa kweli, na mara ambazo mmehitaji gari na kulikosa. Mkiona bado mnalihitaji, wekeni akiba ili mkopo usizidi nusu ya bei, na mpeleke gari kwa fundi ambaye hana uhusiano na muuzaji, alipandishe juu, atazame breki, mabomba yake na matairi, kisha mlishushe Iwambi pamoja naye kabla hamjatoa fedha.